ASICHEKWE MTU KWA CHAKULA CHA KWAO



Mara nyingi katika kurasa hizi doyen wenu anawaandikia juu ya usafi, juu ya kuchelewa kwenye sala ya asubuhi, juu ya kelele kisha taa kuzimwa. Leo ninaandika juu ya chakula. Msiseme ni jambo dogo. Katika trimestri hii, ni juu ya chakula mwenzetu mmoja alitaka kufunga sanduku lake na kurudi kwao.

Wale wa interna wanajua habari, lakini wale wanaolala mjini hawakuiona. Mdogo wetu mmoja wa darasa la saba anatoka mbali, upande wa msitu wa Shabunda. Siku moja jioni tulikuwa na bugali na maharagi kama kawaida. Yeye akafungua kopo lake, akamwaga viwavi vikavu kwenye sahani. Kwao wanaviita milanga. Mmoja akapiga kelele: "Muone! Eko anakula madudu!" Chumba chote kikacheka. Wengine wakagonga sahani kwa kijiko. Wale wa meza yake wakahama, kila mtu na bugali yake mkononi. Tangu siku ile jina lake likawa Kidudu.

Kisha majuma matatu alianguka saa ya michezo. Mama wa dispansari akasema hakuna malaria, ni tumbo tupu. Hapo ndipo tulipojua kwamba mtoto huyu alikuwa hakai tena mezani jioni. Nilikwenda kumwona, nikamwuliza: "Kadogo, juu ya nini hauli?" Akanijibu: "Yaya, ni mama njo alinifungia bile. Kuvikula minaogopa, na kuvitupa sitaweza."

Ndugu zangu, neno lile halijanitoka mpaka leo. Na sasa lazima niseme ukweli, maana doyen akificha yake hana haki ya kukosoa ya wengine. Ile jioni mimi pia nilikuwa pale, na mimi pia nilicheka. Tena kuna neno baya zaidi. Kwetu tunafuga kobayi. Wanakimbia-kimbia chini jikoni, wanakula majani na maganda, na siku ya mgeni tunawachinja. Nyumba nyingi za Kivu zinafanya hivi. Lakini tangu nilipofika shuleni hapa sikumwambia mtu hata siku moja, maana niliogopa kusikia: "Kumbe unakula panya!" Nilicheka kwa nguvu ili mtu asiniulize kwetu tunakulaka nini. Ninadhani wengi waliocheka walikuwa na sababu kama yangu.

Basi tuangalie sahani zetu wenyewe. Muhogo haukuzaliwa Kongo. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno kwa merikebu. Mahindi na maharagi pia asili yao ni Amerika, na kobayi wetu alitoka milima ya huko huko. Hata sambaza, wale samaki wadogo tunaojivunia mbele ya wageni, walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa katika Ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960. Wako wazee wenye umri kupita sambaza wa ziwa letu! Chakula tunachokiita cha kawaida kilikuwa kigeni siku moja, na mtu fulani alikuwa wa kwanza kukitia kinywani.

Tena fikirini mgeni anayefika na kuona kazi yetu na muhogo mchungu. Tunauloweka siku kadhaa mpaka unaoza na kunuka, tunauanika, tunausaga, kisha tunasema karibu chakula. Mgeni anaweza kushika pua. Lakini mama zetu wana akili: kuloweka kule kunaondoa sumu. Mahali watu walipofupisha kazi hii, kama upande wa Kwango, wengi walipata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu. Sombe nayo, bila kutwangwa na kupikwa vizuri, si salama. Kwa hiyo jambo linaloonekana ajabu kwa mgeni, mara nyingi ndani yake mna elimu ya watu wa zamani.

Na hivyo viwavi? Watu wa Katanga wanaviita vinkubala, wa Kinshasa wanaviita mbinzo, na sokoni bei yake si mchezo. Viwavi vikavu, zaidi ya nusu ya uzito wake mara nyingi ni protini. Mwaka 2013 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu kinachosema kwamba watu karibu miliari 2 duniani wanakula wadudu, wa aina zaidi ya 1,900. Upande wa Uganda na Bukoba watu wanangojea senene kwa hamu kila majira. Kumbikumbi wakitoka kisha mvua, ni nani kati yetu hakuwakimbilia akiwa mtoto? Wafaransa wanakula konokono, na jibini lililoota ukungu wanalilipia pesa nyingi. Na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu funza wa unga wauzwe kuwa chakula cha watu. Je, tutangoja viwavi virudi kutoka Ulaya ndani ya karatasi nzuri ndipo tuviheshimu?

Sisi tunaosoma Biblia tunajua kwamba Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwituni, na Sheria ya Musa yenyewe iliruhusu nzige. Sijasikia mtu akimcheka Yohana siku ya jumapili. Ila mtoto wa Shabunda tunamcheka jumatatu.

Najua majibu ya wengine. Wa kwanza anasema: "Doyen, mi nasikia kinyaa, utanilazimisha?" Hapana. Kinyaa hakiamriwi. Mwenye kukataa hana kosa. Kuna mwenzetu asiyekula nguruwe kwa sababu ya kanisa lake, kuna mwenye mwiko wa ukoo, na kuna ambaye mwili wake unakataa. Mtu anayevimba akila kamba wa baharini, na wadudu wanaweza kumdhuru vilevile. Aseme tu: "Asante ndugu, mimi sijazoea." Yatosha. Kukataa chakula na kumkataa mtu ni mambo mawili.

Wa pili anasema: "Basi kila kitu kiliwe?" Hapana tena. Kuna nyama tunayopaswa kuiogopa kwa haki. Mnyama aliyeokotwa amekufa porini asiletwe jikoni. Sisi wa mashariki tuliona Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikaua watu zaidi ya 2,200. Na sokwe na gorila wanalindwa na sheria, wasije wakaisha duniani. Lakini huyo anayekataza kwa sababu ya ugonjwa au sheria anatoa sababu yake kwa upole. Yule anayecheka hana sababu yoyote, ana meno tu.

Kuna hatari nyingine ambayo hatuifikirii. Mtoto akiona haya ya chakula cha kwao, kesho ataona haya ya mama aliyekipika, na kesho kutwa hatajali msitu kilipotoka. Aina moja ya viwavi inakaa juu ya mti wa sapelli, ambao wakata mbao wanautafuta sana. Mti ukianguka, mbao inakwenda mbali, na viwavi havina tena mahali pa kukaa. Nani atautetea mti ule, kama watoto wa pale walifundishwa shuleni kwamba chakula chake ni aibu?

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Kwanza, jina la Kidudu life leo, na majina yote ya namna ile. Wakapita wa vyumba wananisikia. Pili, mtu asihame meza kwa sababu ya sahani ya mwenziwe. Tatu, ninaomba diresheni itupe jumamosi moja ya trimestri ijayo, mwenye kuweza alete chakula kidogo cha kwao, aeleze kinavyopikwa. Anayetaka aonje, asiyetaka asikilize. Mimi nitaleta kobayi. Sasa mmejua.

Jumatano iliyopita nilikaa karibu na mdogo wetu, nikamwomba milanga mitatu. Siwadanganyi, wa kwanza nilimtafuna macho yamefumbwa. Ladha yake iko karibu na ndagala za kukaanga, na moshi kidogo. Wa tatu nilimla macho wazi. Wawili wa meza ile wakaomba pia. Mmoja alitoka nje akatema, akarudi akasema samahani, na mtoto akacheka. Kucheka kwa namna ile hakuumizi mtu.

Lakini kopo lake bado limejaa nusu, na jioni bado anatazama kushoto na kuume mbele ya kulifungua. Sisi finalisti tutaondoka kisha Ekzamen ya Serikali. Ninyi mnaobaki, fanyeni asitazame tena.

Doyen wenu