Basi Iandikeni

Sisi tunaolima ngano na mpunga Punjab na Haryana hatukuomba makubwa. Tuliomba bei iandikwe. Serikali ya India hutangaza kima cha chini cha bei kwa mazao zaidi ya 20, na ngano ya 2021 ilitangaziwa rupia 1,975 kwa kilo 100. Kila mwaka tunaambiwa kima hicho kilikuwapo, kipo na kitaendelea kuwapo. Haya. Kama kipo, kinashindikana nini kukitia kwenye sheria? Tumeuliza sokoni, tumeuliza barabarani, tumeuliza mezani kwa mawaziri. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yetu ndiyo hiyo ngano.

Kilichoandikwa upesi ni kingine. Juni 2020, korona imetufungia majumbani, serikali ikatoa amri tatu kuhusu mazao yetu. Septemba zikawa sheria. Katika baraza la juu la bunge wapinzani walidai kura zihesabiwe. Zikapitishwa kwa kura ya sauti, kelele zimetanda ukumbini. Shamba letu, jasho letu, deni letu, na wa kutuuliza hakuna.

Sheria ya kwanza iliruhusu mfanyabiashara anunue mazao nje ya soko la serikali, lile tunaloliita mandi, bila kulipa ushuru wa soko. Tukaambiwa huo ndio uhuru wetu, uza popote utakapo. Jamani, wakulima wa India zaidi ya 8 katika kila 10 hawafikishi hekta 2. Mtu wa kipande hicho atapakia magunia ayapeleke jimbo gani, kwa lori la nani? Mandi ina kasoro zake na hakuna anayezijua kutushinda: foleni ndefu, mizani ya kutilia shaka, dalali anayekata chake kabla hujashika chako. Lakini dalali huyo ndiye anayekukopesha harusi ikifika, ndiye unayemgongea mlango usiku mgonjwa akizidiwa. Kampuni kubwa utaigongea mlango gani? Na mandi ikikosa ushuru itajiendesha kwa nini? Wenzetu wa Bihar walifutiwa sheria ya masoko yao mwaka 2006. Mpaka leo wengi wao wanauza mpunga chini ya kima kilichotangazwa, kwa yeyote atakayesimamisha gari kijijini.

Sheria ya pili ilihusu kilimo cha mkataba na kampuni. Mkigombana, kesi iende kwa ofisa wa serikali. Mlango wa mahakama ya madai ukafungwa. Ya tatu ililegeza mipaka ya kuhodhi vyakula ghalani. Mwenye ghala anajulikana, na si sisi.

Basi tukafunga tela kwenye trekta, tukapakia unga, dengu na magodoro. Novemba 26, 2020 tukaanza safari ya Delhi. Njiani Haryana tukakuta barabara kuu imechimbwa mahandaki, tukamwagiwa maji katika baridi ile, tukapigwa mabomu ya machozi. Tukazuiwa mipakani mwa Delhi, Singhu, Tikri na Ghazipur, tukakaa hapohapo. Tulilala kwenye tela kipupwe kizima, halafu joto, halafu mvua, halafu baridi tena. Wanawake walikuwa wanakanda unga alfajiri, wazee wanakohoa usiku kucha, na shambani jirani anamwagilia kwa zamu ili ngano isife. Wapo waliotuita magaidi. Mahakama ya Juu ya nchi ikazisimamisha sheria Januari 2021. Serikali nayo ikasema iko tayari kuziweka kando miezi 18. Baada ya vurugu katika maandamano yetu ya trekta ya Januari 26 mjini Delhi, polisi wakapanda misumari barabarani. Mazungumzo yalifanyika mara 11. Kila tulipotaja bei tulijibiwa ipo. Kila tuliposema iandikwe, kikao kiliahirishwa.

Novemba 19, 2021, Waziri Mkuu Modi akatokea kwenye televisheni asubuhi, akasema sheria zitafutwa. Siku kumi baadaye bunge likazifuta bila mjadala. Tulilia, tuligawana peremende, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Wengine hawakuwapo wa kukumbatiwa. Vyama vyetu vinahesabu wenzetu wapatao 700 waliokufa katika mwaka ule, kwa baridi, kwa ajali, kwa moyo, na wengine kwa mikono yao wenyewe. Bunge lilipouliza kuhusu fidia, Wizara ya Kilimo ilijibu kwamba haina kumbukumbu ya vifo hivyo. Majina tunayo vijijini, picha zimetundikwa ukutani. Hilo linauma kuliko maji ya baridi.

Desemba tukarudi nyumbani na barua ya serikali: itaundwa kamati ya bei. Kamati ikaundwa Julai 2022. Februari 9, 2024, mwanasayansi wa kilimo M. S. Swaminathan, aliyekwisha kufariki, akatangaziwa nishani kubwa kuliko zote nchini. Tulifurahi, alistahili. Tume yake ndiyo iliyopendekeza, miaka ya 2000, kwamba kima cha bei kizidi gharama ya mkulima kwa asilimia 50 angalau. Siku nne baadaye tukaondoka tena na trekta kudai pendekezo hilo. Tukakuta mpaka wa Shambhu, kati ya Punjab na Haryana, umezibwa kwa zege, na safari hii mabomu ya machozi yanadondoshwa na droni. Wenzetu walipiga kambi hapo zaidi ya mwaka, mpaka polisi walipowaondoa Machi 2025.

Kima cha ngano kimetangazwa tena, na kimepanda kidogo. Kwenye sheria hakimo.