Sauti nayo ni bidhaa

Mkulima wa Muze anayeuza mpunga badala ya mchele humwachia mwenye mashine sehemu ya faida. Katika muziki hali ni hiyo hiyo.

Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kama KMRU, hunasa sauti za mazingira na kuzisanifu kwa kompyuta kuwa muziki mtulivu. Albamu yake, Peel, ilitolewa na Editions Mego ya Austria mwaka 2020. Hesabu nzuri zaidi, hata hivyo, iko kwa babu yake wa jina hilo hilo, mwimbaji maarufu wa Kikuyu aliyefariki 2018: mjukuu amerudisha sokoni nyimbo za mzee kupitia intaneti.

Kikundi cha ngoma cha Ufipa kikiitwa kurekodi, kiulize kwanza: rekodi itabaki kwa nani?