Ndoa ku ferme: meza muzuri haiombi deni

Siku hizi, mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, vijana wengi hawataki tena sale ya feti. Wanataka ndoa ku ferme: meza ya mbao chini ya miti, taa ndogo-ndogo ku matawi, sahani zimepangwa sawa ku hoteli. Sisi hatukatai. Kivuli ya miti yetu inapita mapazia ya kukodisha. Lakini inafaa tuseme wazi: ferme ilipaswa kutupunguzia muzigo, na sasa inaanza kutuongezea.

Juu ya nini? Juu watu wanapeleka sale yote mu pori. Camion inafika imejaa maua ya plastiki, majani ya plastiki, viti vya kuvalishwa nguo. Na mwenye kulipa ni mufanyakazi wa mine, mwenye alishaomba avansi ku paye, kisha anapita ku banki-lamberi. Feti inaisha usiku moja. Deni inabakia mu nyumba mpaka mwezi wa 9, wakati mutoto anarudishwa ku masomo juu ya minerval.

Watu watajibu: “Ba buko watatucheka.” Hapana. Mugeni hakumbuke rangi ya kitambaa. Anakumbuka kama bukari ilikuwa ya moto, na kama mama wa bibi-arusi alipata kiti.

Meza ya heshima inaomba vitu kidogo. Mbao ya metre 2 na nusu inaenea watu 8, wane kila upande, kila mutu na sentimetre 60 hivi ya kuweka mikono. Seremala wa kartier anaijua kazi hiyo, na kisha feti mbao zile zinaweza kuwa kitanda ya maharusi. Kitambaa nyeupe yenye kupigwa pasi, pagne moja katikati, maua ya shamba yenye haipite sentimetre 30 ili watu waonane ku macho. Munkoyo ikuwe mu vyungu vya udongo. Mushumaa tuutie ndani ya kioo: mu mwezi wa 8 nyasi ni kavu, na moto kidogo tu unaweza kula ferme muzima.

Tena, sisi ni watu wa shaba. Wazee wetu walikuwa wanatoa misalaba ya shaba ku mali ya muke. Picha moja ya shaba ya kupigwa nyundo, kazi ya fundi wa kwetu, nyuma ya kiti ya maharusi, inasema zaidi kuliko camion ya plastiki. Lakini mawe ya mine, hapana: vumbi yake haina nafasi pembeni ya chakula.

Kuna kitu ingine yenye inatuuma. Ku meza ya mbele kuna vioo, maua na nyama. Kule nyuma, wenzake wa kazi wanakula wamesimama. Afazali wageni 80 ku meza ndefu yenye wote wanaikalia, kuliko 300 wenye kugombania kuku.

Na saa? Kati ya mwezi wa 5 na wa 8 mvua haiko, lakini mu mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi. Tukule saa sita ya muchana, tumalize mbele ya giza. Hivi grupe haitakula mazutu, wazee hawatatetemeka, na wenye poste ya usiku watafika ku kazi.

Ba papa na ba mama, mbele ya kulipa mutu yeyote, mukae na vijana wenu na daftari: chakula kwanza, bisi ya kurudisha watu pili, dekore ku mwisho. Kile likelemba na michango ya familia haiwezi kulipa, tukiache.