Uso Mmoja wa Lincoln na Rhodes

Mwaka 1930 mwigizaji Walter Huston alibandika ndevu, akavaa kofia ndefu, akawa Abraham Lincoln katika filamu ya D. W. Griffith, miongoni mwa filamu za mwanzo zenye sauti kuhusu maisha ya kiongozi wa nchi. (Griffith ni yule yule aliyekuwa amewatukuza Ku Klux Klan katika filamu yake ya mwaka 1915, lakini hilo tuliache kwa leo.) Mwaka 1936 Waingereza walimchukua Huston yule yule, kwa uso ule na sauti ile ya baba wa nyumba, wakamfanya Cecil Rhodes katika filamu iitwayo Rhodes of Africa. Aliyewakomboa watumwa na aliyewanyang'anya watu nchi yao wakaazimwa sura moja, na watazamaji hawakuona ajabu.

Nami nasema haikuwa ajabu, kwa kuwa filamu za namna hii zina pishi moja. Mtu mkubwa ana ndoto. Ni mpweke, moyo wake ni mgonjwa, na siku zake zinahesabika. Wengine wote ni vikwazo au wasaidizi wa ndoto yake. Hata anayempinga huwekwa pale ili ukubwa wake uonekane zaidi. Katika filamu hii yumo mwandishi wa kubuniwa, Anna Carpenter, ambaye kila aijuaye historia ya Cape atamtambua kuwa ni Olive Schreiner aliyebadilishwa jina. Yumo pia Rais Kruger, aliyeigizwa na Oskar Homolka kwa heshima na uzito hata huwezi kumcheka. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba watengenezaji wake walishindwa kumwonyesha mpinzani kuwa mtu. Kaburu walimwona. Swali langu ni juu ya mwenye nchi.

Wako watakaoniambia: "Mwalimu, hiyo ni filamu ya zamani. Mhukumu mtu kwa wakati wake." Hoja hii nimeisikia mara nyingi katika vyumba vya walimu, na zamani niliitumia mimi mwenyewe. Inadai kwamba mwaka 1936 hapakuwa na mtu wa kujua vingine.

Alikuwepo, tena ndani ya filamu yenyewe. Lobengula, mfalme wa Wandebele, aliigizwa na Ndaniso Kumalo, mzee wa ukoo ule ule wa kifalme. Mzee huyu alikuwa amepigana na watu wa Rhodes. Alivijua vita vya mwaka 1893, wakati Kampuni ya Rhodes ilipowafyeka Wandebele kwa bunduki za Maxim pale Shangani na Bembezi, na aliingia katika vita vya mwaka 1896. Alisafirishwa hadi Uingereza kwa ajili ya filamu. Na mwaka huo huo wa 1936 masimulizi ya maisha yake yalichapwa katika kitabu cha Ten Africans, alichokihariri Margery Perham. Humo anaeleza jinsi ng'ombe wao walivyochukuliwa, walivyotendewa na askari wa Kampuni, na kilichowasukuma kuchukua silaha tena. Ushahidi ulikuwa umepigwa chapa. Shahidi alikuwa amesimama mbele ya kamera, naye akapewa maneno ya kusema yaliyoandikwa na wengine.

Filamu hukaa sana juu ya ushujaa wa Rhodes kwenda milima ya Matopo bila silaha, Agosti 1896, kuzungumza na wakuu wa Wandebele. Nakubali, alikwenda, na alihitaji moyo. Lakini mtu aliyekuchomea nyumba akaja baadaye mikono mitupu kukuomba utoke kichakani, utamsifu kwa ile mikono mitupu tu?

Sasa niseme la kwangu. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba Lobengula alidanganywa kwa sababu hakujua kusoma. Niliwaonyesha ile katuni ya mwaka 1892 ya Rhodes aliyetanua miguu kutoka Cape hadi Cairo, darasa likacheka, tukaendelea na mada nyingine. Ilikuwa somo jepesi, nalo lilikuwa na uongo ndani yake. Mkataba wa Rudd wa tarehe 30 Oktoba 1888 uliahidi paundi 100 kila mwezi, bunduki 1,000, risasi 100,000 na mashua ya kivita katika mto Zambezi. Lobengula aliahidiwa pia kwa mdomo kwamba hawatakuja kuchimba wazungu zaidi ya kumi. Mmisionari Charles Helm, aliyekuwa mkalimani, mwenyewe aliandika kwamba ahadi hiyo ilitolewa. Katika hati haimo. Mfalme alipogundua hakukaa kimya: wajumbe wake wawili walifika London mapema mwaka 1889, na baadaye alimwandikia Malkia Victoria kuukana mkataba. Kabla ya mwaka huo kwisha, Malkia akaipa Kampuni ya Rhodes idhini ya kifalme. Je, huyo ni mjinga asiyejua kusoma? Huyo ni mkuu wa nchi aliyelalamika kwa njia zote za halali na hakusikilizwa. Nilimwonea mbele ya watoto, na sikuwa hata na kisingizio cha kuuza tiketi.

Tarehe 9 Aprili 2015 sanamu ya Rhodes iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Cape Town kwa nguvu ya wanafunzi. Wengine walilia kwamba historia inafutwa. Mimi sitaki filamu hii ifutwe, wala sioni faida ya kuificha. Mwalimu anayeweza kuipata aionyeshe. Ila pale Lobengula anapotokea, asimamishe mashine, awaambie wanafunzi jina la mzee wanayemtazama na alikokuwa mwaka 1896. Kisha afungue kitabu cha Perham, wasome sura ya Kumalo yote, kabla ya kumrudia Huston.