Masikio ya padri wa kesho: albamu tatu za kusikiliza likizoni



Likizo imekaribia, na wengi wetu tutarudi parokiani na simu zilizojaa nyimbo za kwaya na, tuseme ukweli, singeli. Hatuna ugomvi na singeli. Ni muziki wa kielektroniki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wake, Sounds of Sisso, ukasikika hadi Ulaya. Ila leo tunawapendekezea ndugu yake mpole, asiyejulikana sana kwetu: ambienti. Huu ni muziki wa kielektroniki usiokimbia, mara nyingi bila ngoma wala maneno, ambamo sauti moja inaweza kukaa dakika kadhaa kabla haijabadilika.

Jina hilo lilienezwa na Mwingereza Brian Eno kwa albamu yake ya mwaka 1978, Music for Airports. Alitaka muziki ambao mtu anaweza kuusikiliza kwa makini au kuuacha upite tu. Hilo la pili halituvutii. Muziki wa kupita tu tunao wa kutosha, kwenye basi la Ifakara na kwenye sherehe za Kipaimara, ambako spika huelekezwa walikokaa wazee.

Anayetufaa zaidi ni jirani. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejulikana kama KMRU, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu hurekodi sauti za mahali anapopita, kisha huzinyoosha kwa kompyuta. Albamu yake Peel (2020) ina vipande sita, na cha mwisho kinazidi dakika 20. Tulipoisikiliza mara ya kwanza, mwenzetu mmoja aliuliza wimbo unaanza lini. Lilikuwa swali zuri. Darasani tumesoma Mtakatifu Augustino, Maungamo kitabu cha 11, anavyochunguza wakati kwa mfano wa utenzi unaoimbwa: kilichokwisha kuimbwa kimo katika kumbukumbu, kijacho kimo katika matarajio, na katikati upo usikivu wa sasa. Katika Peel hakuna kiitikio cha kungojea. Matarajio yanachoka, yanakaa pembeni, na mtu anabaki na usikivu peke yake. Ndipo anagundua kwamba alichodhani ni mlio mmoja kumbe ni sauti nyingi zinazopishana.

Kwa nini jambo hili litusumbue sisi mafrateri? Kwa sababu tunafundishwa sana kusema. Tunafanya mazoezi ya kuhubiri, kuimba, kusoma na kujenga hoja, lakini ni nani ametupa mtihani wa kusikiliza? Siku moja, Mungu akipenda, tutakaa kwenye kiti cha kitubio, na mama atazunguka robo saa nzima kwenye habari za shamba na shemeji kabla hajafika penye kidonda. Padri aliyezoea kurukia kiitikio atamkatisha kwenye dakika ya tatu.

Kuna wenzetu wanaosema muziki huu ni mlango wa tafakuri za kigeni za kuondoa kila kitu akilini. Hofu yao ina msingi, maana mtandaoni muziki wa namna hii huuzwa pamoja na ahadi za ajabu za uponyaji. Lakini sauti haibebi mafundisho kwa sababu tu inakwenda polepole.

Wanaotutia wasiwasi zaidi ni wale walioupenda mno, wanaotaka upigwe chinichini wakati wa kuabudu Ekaristi Takatifu ili kusaidia utulivu. Hapo tunasema hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia namba 30, unataka kimya kitakatifu kishikwe kwa wakati wake, na maelekezo ya Roma ya mwaka 1958 juu ya muziki mtakatifu yalikwisha kukataa muziki wa kurekodiwa katika liturujia. Mbele ya Sakramenti kimya si nafasi iliyobaki wazi. Na pale Chita jioni kimya hakikosi cha kukisindikiza: vyura wa mashamba ya mpunga, maji yashukayo kutoka Udzungwa, na mara nyingine treni ya TAZARA.

Albamu ya pili ni fupi na nyepesi kuanzia: peace places: kenyan memories (2022) ya Nyokabi Kariuki, Mkenya aliyeitunga kutokana na kumbukumbu za nyumbani. Humo mmoja wa nyimbo unatembea katika shamba la bibi yake. Waamini ambao watoto wao wamekwenda mbali wataielewa bila sisi kuwaeleza.

Ya tatu ni ya KMRU tena, Temporary Stored (2022), na si tamu. Aliiunda kutokana na rekodi za kale za Kiafrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Sauti za watu wetu zimekaa huko miaka mingi, na mjukuu anaziomba kwa kompyuta zirudi. Baada ya kuisikiliza tumekubaliana sisi tunaotoka pande za Chita: likizo hii tutawaendea wazee wa Kindamba, tuwaombe watuimbie nyimbo za mtumbwini kama bado wanazikumbuka, na simu zetu tuzitumie kurekodi.