Nukta nyekundu si kosa la mwanafunzi

GOMA – Kijana anayejifunza informatiki anaweza kupoteza saa nzima ya kompyuta kwa sababu ya nukta moja nyekundu ambayo hakujua kama ameiweka. Kisha anaambiwa hana akili. Hiyo si haki, na walimu wenye tabia hiyo waiache.

Jambo lenyewe ni hili. Katika Visual Studio Code, chombo ambacho wanafunzi wengi wanatumia kuandikia kodi, ukibofya mara moja tu kushoto mwa namba ya mstari, nukta nyekundu inatokea. Kwa Kifaransa inaitwa point d'arrêt. Kazi yake ni kusimamisha programu kabla ya mstari ule, ili mwenye kuandika achunguze kosa liko wapi. Ni msaada mkubwa kwa anayeijua. Lakini kipanya kikiteleza kidogo, nukta inabaki pale. Hakuna swali, hakuna onyo.

Mwanafunzi anabonyeza F5. Programu inaanza, halafu inasimama, na mstari unageuka rangi ya njano. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Anadhani mashine imekwama. Anazima kompyuta, anaiwasha tena: nukta bado iko, maana imehifadhiwa. Anapeleka faili kwa mwenzake kwa flashi: kule inatembea vizuri, kwa sababu nukta haimo ndani ya faili. Sasa anaamini kabisa kwamba mashine yake ina virusi. Anafuta kazi yote na kuanza upya.

Kwa mwenye kompyuta yake nyumbani na umeme wa kutosha, huo ni usumbufu mdogo. Kwa mtoto wa familia iliyokimbia vita, anayegawana mashine moja na wenzake huku jenereta inanguruma nje, ni somo lililopotea. Makuta ya siku hiyo yamekwenda, na kesho pengine hatarudi.

Kuna wanaosema: "Mwache ateseke kidogo, hata sisi tulijifunza hivyo." Mateso hayo yanafundisha nini? Kutafuta kosa lililo ndani ya kodi kunafundisha. Kutafuta kosa lisilokuwamo kunamfundisha mtu kuogopa kompyuta tu.

Watengenezaji nao wasijifiche. Miaka ya 1940 kule Marekani, walioandaa programu za mashine ya ENIAC, akiwemo Betty Holberton, walisimamisha programu kwa kuchomoa waya kwa mkono. Aliyechomoa alijua amechomoa. Leo kidole kikiteleza mara moja kinatosha. Kwa nini ukingo ule usifungwe kwa wanaoanza, mpaka wenyewe waufungue?

Lakini walimu wasingoje watengenezaji. Siku ya kwanza, dakika tano zinatosha. Mwalimu aweke nukta kwa makusudi, abonyeze F5, wanafunzi waone programu inavyosimama. Kisha kila mmoja aiondoe mwenyewe, kwa kuibofya tena au kwa kubonyeza F9 akiwa kwenye mstari ule. Aonyeshe pia kwamba Ctrl+F5 inaendesha programu bila kujali nukta, na kwamba menyu ina amri ya kuzifuta zote kwa mara moja.

Wanafunzi nao washike neno hili: programu ikisimama bila kutaja kosa, kwanza angalia ukingo wa kushoto, ndipo uguse kodi. Usifute kazi yako.

Na mwalimu ambaye hajawahi kuonyesha nukta hiyo darasani, asimwite mtoto wa mtu mjinga.