Sifuri Si Sawa na "Hatujui"

Najua nimepotea hapa kwa wiki kadhaa. Kazi zimekuwa nyingi, na wengi wenu mnangoja sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhifadhi nakala za hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo nina jambo jingine kifuani na nisipolitoa sitalala.

Majuzi nilialikwa kutazama mfumo mmoja wa kufuatilia watu waliohama makwao kwa sababu ya vita na majanga. Sitaja ni wa nani. Mfumo wenyewe ni mzuri kwa macho: ramani, rangi, vidoti vinavyopanuka na kunywea kadiri unavyosogeza tarehe. Kijana aliyekuwa akituonyesha akasogeza tarehe mbele, na kidoti kimoja kikubwa kikanywea, kikanywea, kikatoweka. Chini yake pakaandikwa 0.

Nikauliza: "Hawa walienda wapi?"

Akajibu: "Kambi ilifungwa."

Nikauliza tena: "Sawa, lakini watu walienda wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. Basi makala haya ni ya kijana yule, na ya wote tunaoandika programu za aina hiyo. Nilipofika nyumbani nilijaribu kuwaza msimbo wake unasemaje, na nadhani ni kitu kama hiki:

kama kambi = imefungwa
basi waliohama = 0

Mistari miwili tu. Lakini hakuna tetemeko wala mafuriko yaliyowahi kufuta watu wengi kwa haraka namna hiyo.

Somo la kwanza ambalo kila mwanafunzi wa hifadhidata hufundishwa ni kwamba sifuri na tupu ni vitu viwili tofauti. Sifuri maana yake nimehesabu na sikukuta mtu. Tupu maana yake sijahesabu, sijui. Ukichanganya hivi viwili kwenye mfumo wa duka, utaambiwa sukari imekwisha wakati hakuna aliyeenda stoo kuangalia. Ukivichanganya kwenye mfumo wa wakimbizi wa ndani, familia inakosa unga, shule na shamba, kisha wakubwa wanatangaza kwamba tatizo limekwisha.

Nitawaambia kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, niliitwa kusaidia kuingiza majina ya wakimbizi kwenye tarakilishi katika kambi moja Bonde la Ufa. Nilikuwa kijana, najua kuchapa haraka, basi. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mkuu wa familia, idadi ya watu, walikotoka na namba ya hema. Namba ya hema ilikuwa ya lazima. Bila hiyo, programu ilikataa kuhifadhi mstari.

Wakati huohuo, shangazi yangu pale Nakuru alikuwa amepokea familia ya watu wanane waliokimbia kutoka Burnt Forest. Vyumba viwili, watu wake watano, jumla kumi na watatu. Jumapili moja nilienda kumwona, akaniuliza kama ninaweza kuwaandikisha hawa watu wapate angalau mablanketi. Nikamwambia shangazi, haiwezekani, hawana namba ya hema.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hivyo hawa ni wageni wangu?"

Sikuwa na jibu wakati ule. Leo ninalo. Hapana shangazi, hawakuwa wageni. Mtu aliyebuni jedwali ndiye aliyewafanya wageni, na mimi niliyekuwa nikichapa nilikubali.

Tazameni takwimu rasmi za msiba ule. Idadi inayonukuliwa kila mahali ni watu 663,921 waliohama. Kati yao, inasemekana 350,000 walikimbilia kambi 118, na 313,921 walipokelewa na jamaa, marafiki na jamii nyingine. Zaidi ya hapo, familia 640 zilivuka mpaka kwenda Uganda. Sasa nyinyi ni watu wa hesabu, hebu angalieni tena. Walio kambini, ambako kulikuwa na hema, foleni na karani, wana namba ya mviringo: 350,000. Waliotawanyika mitaani, ambao ni vigumu zaidi kuwahesabu, ndio wenye namba kamili hadi mtu wa mwisho! Ukijumlisha makadirio na namba kamili, unapata namba inayoonekana kamili lakini ambayo kwa kweli ni makadirio yaliyovaa suti.

Lakini kosa kubwa si hilo. Kosa ni kwamba karibu nusu ya watu, kwa hesabu hiyohiyo ya serikali, hawakuwa kambini. Ilipoanzishwa Operesheni Rudi Nyumbani mnamo Mei 2008, na zikatolewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa waliochomewa nyumba, wengi wa waliokaa kwa jamaa waliachwa nje au wakasubiri kwa miaka. Na kambi zilipofungwa, vidoti vikanywea. Aliyetoka kambini akaenda kupanga chumba mjini kwa sababu aliogopa kurudi shambani, kwenye vitabu aliandikwa sawa na aliyerudi akajenga.

Msiniambie kwamba ufafanuzi haukuwepo. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu uhamaji wa ndani ni za 1998, na hazitaji hema hata mara moja. Zinasema ni mtu aliyelazimika kuacha makao yake bila kuvuka mpaka wa nchi. Kenya yenyewe ilipitisha sheria yake ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012. Na kuhusu lini mtu anaacha kuwa mkimbizi wa ndani, mashirika ya misaada yalikubaliana mwaka 2010 kuhusu vigezo vinane: usalama, maisha ya staha, riziki, nyumba na ardhi, vitambulisho, kuunganishwa na familia, kushiriki katika mambo ya umma, na haki. "Kambi imefungwa" haimo kati ya hivyo vinane. Nimevihesabu mara mbili.

Tuje kwenye majanga ya asili. Maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalipopanda hadi 2020, Baringo, Naivasha, Nakuru na mengine yakimeza nyumba, shule na zahanati, ripoti ya serikali iliyotolewa 2021 ilisema familia 75,987 ziliathirika katika kaunti 13, yaani watu 379,935. Chukueni kikokotoo. 75,987 mara 5 ni ngapi? Ni 379,935 barabara! Hakuna aliyehesabu watu. Mtu alihesabu familia, akazidisha kwa tano. Sisemi ni dhambi. Makadirio ni kazi halali. Lakini kwa nini kuandika 379,935 wakati ungeweza kusema "takriban watu 380,000, tukichukulia watu watano kwa kila familia"? Msomaji angejua kipi kilihesabiwa na kipi kilikisiwa. Ndiyo maana ninapoona namba isiyo na maelezo ya ilivyopatikana huwa nashika mfuko wangu.

Kisha kuna safu ya "sababu". Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalisomba nyumba za watu kando ya mto Mathare hapa Nairobi. Maji yakapungua. Halafu zikaja tingatinga za serikali kubomoa nyumba zilizobaki karibu na mto. Mama aliyefukuzwa na maji Aprili, akarudi akakuta tingatinga Mei, utamwandika wapi? Mfumo unakubali sababu moja tu. Ukichagua "mafuriko", serikali inakuwa mwokozi. Ukichagua "ubomoaji", inakuwa mshtakiwa. Karani ameamua kesi kwa kubofya mara moja, na mama hakuulizwa.

Hata wanaofanya kazi hii vizuri wanahitaji kusomwa kwa makini. Kituo kinachojulikana kama IDMC kule Geneva, kilichoanzishwa na Baraza la Wakimbizi la Norway mwaka 1998, kinatenganisha vitu viwili: matukio ya kuhama ndani ya mwaka, na watu ambao bado wamehama mwaka unapoisha. Kwa mwaka 2024 kiliripoti matukio milioni 65.8, na milioni 45.8 kati ya hayo yalitokana na majanga. Watu waliokuwa bado nje ya makwao mwishoni mwa mwaka walikuwa milioni 83.4. Mtu aliyekimbia mara tatu ni matukio matatu. Mmarekani aliyehamishwa siku tatu kukwepa kimbunga ni tukio moja. Mtu aliyehama miaka kumi na mitano iliyopita na hajasogea si tukio lolote, lakini yumo kwenye hizo milioni 83.4, ikiwa kuna aliyekumbuka kumhesabu. Magazeti huchanganya namba hizi mbili kila mwaka, na sisi watu wa programu tunawachorea chati ya kuwasaidia kukosea.

Najua mtakachosema. "Ndugu, dawa ni teknolojia zaidi! Laini za simu! Alama za vidole!"

Tuanze na simu. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 12, 2010, watafiti walifuatilia laini za simu karibu milioni 1.9 na kukadiria kwamba watu 630,000 hivi waliokuwa Port-au-Prince siku ile walikuwa wameondoka ndani ya siku 19. Kazi safi, nawavulia kofia. Lakini lilikuwa tetemeko. Ardhi haikuwa ikiwatafuta waliokimbia. Fikirieni data hiyohiyo Kenya ya Januari 2008, wakati vizuizi vya barabarani vilikuwa vikiuliza watu majina yao. Ramani ya mahali watu walipokimbilia ni ramani ya mahali pa kuwapata. Mwezi huohuo Wakenya walibuni Ushahidi, na uzuri wake ni kwamba aliyetuma ujumbe aliamua mwenyewe kusema alichokiona. Hakufuatiliwa.

Na alama za vidole? Nendeni Garissa. Ukame ulipobana, Wakenya wa kaskazini mashariki walijiandikisha kambini Dadaab ili wapate chakula, na wengi waliandikishwa na wazazi wakiwa watoto. Walipokua wakaenda kuomba kitambulisho, tarakilishi ikasema: wewe ni mkimbizi. Mashirika ya haki yamekadiria kwamba walioathirika ni 40,000 au zaidi. Bila kitambulisho hakuna kazi, hakuna benki, hakuna chuo. Chakula cha utotoni kilimgharimu mtu uraia, kwa sababu hifadhidata haikuwa na kitufe cha "tulikosea". Na mwaka 2021 Human Rights Watch iliripoti kwamba taarifa za Warohingya zilizokusanywa Bangladesh zilifika Myanmar, serikali ileile waliyoikimbia. Majina yasiyopungua 830,000. UNHCR ilijitetea kwamba ina taratibu za ridhaa. Sawa. Lakini ridhaa ya mtu mwenye njaa kwenye foleni ya chakula ni ridhaa gani?

Wapo wanaosema kuhesabu walio kwa jamaa ni ghali, na wadanganyifu watajipenyeza. Ni kweli, wadanganyifu walikuwepo hata kambini. Lakini hatufungi benki kwa sababu kuna wezi. Na gharama? Shangazi yangu aliwalisha watu wanane kwa miezi saba bila bajeti ya mtu yeyote. Gharama ilikuwepo, ila aliilipa mwingine.

Basi ombi langu kwa wenzangu mnaoandika mifumo hii ni hili:

1. Kama hamjui, acheni tupu. Msiandike sifuri hadi mtu aende akahesabu.
2. Hema lisiwe la lazima. Aliye kwa shangazi ni mkimbizi wa ndani.
3. Kufungwa kwa kambi kubadilishe hali ya kambi, si hali ya mtu. Wekeni majedwali mawili.
4. Ruhusuni sababu zaidi ya moja, na tarehe kwa kila moja.
5. Kila namba iandikwe ilivyopatikana: ilihesabiwa, ilikadiriwa, au ilizidishwa kwa tano.
6. Msikusanye msichohitaji. Kama mablanketi yanaweza kugawiwa bila alama za vidole, yagawiwe bila alama za vidole.
7. Mpeni mtu namba yake, aweze kuuliza kwa ujumbe mfupi mmeandika nini juu yake, na kukisahihisha.

Hakuna kati ya haya linalohitaji setilaiti. Mengi ni kazi ya alasiri moja. Ninalohitaji ni mtu mmoja kwenye kikao ambaye, kidoti kikinywea, atainua mkono kuuliza walienda wapi, na asikubali kuambiwa kambi imefungwa.

Ile familia ya Burnt Forest haikurudi. Baba alipata kibarua Nakuru, wakapanga chumba, watoto wakamalizia shule hukohuko. Mpaka leo hakuna jedwali lolote ninalolijua lenye majina yao. Shangazi bado anayakumbuka yote manane.

Haya, nimetua mzigo. Kama mnaona nimekosea, niambieni hapa chini, matusi weka kando. Wiki ijayo tunarudi kwenye nakala za hifadhidata, inshallah.